Upana wa Mlango

Mgeni alipima mlango kabla hajatazama chumba. Matilda aliliona hilo, akaacha kuchambua mchele.

Mwenye nyumba alikuwa amemtambulisha kama fundi wa bati. Kwa miaka minne paa lilikuwa likivuja juu ya kitanda cha Matilda na hakuna fundi aliyekuja. Leo amekuja mmoja, amevaa viatu vya ngozi, na hajalitazama paa hata mara moja.

"Unapima nini, baba?" Matilda aliuliza.

"Anapima kazi, mayu," mwenye nyumba alidakia. "Si umelalamika mwenyewe?"

Msimu wa pamba ulikuwa umebakiza wiki tatu uanze. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mtaa huo wa Bariadi ulikuwa umepoteza wapangaji: mwalimu, muuguzi, mjane mwenye watoto watano. Vyumba vyao vilikuwa vimegeuzwa maghala, na kodi ya ghala ilikuwa mara tatu ya kodi ya mtu.

Mgeni alinyoosha tena futi yake kizingitini. Kwenye mshono wa koti lake kulikuwa na kinyuzi cheupe cha pamba. Matilda alikitazama mpaka kikadondoka ndani ya ungo wake.

"Nihame lini?" aliuliza.

Mwenye nyumba alicheka. "Nani amekwambia uhame, mayu? Nyumba hii ni yako kama ilivyo yangu."

"Jumamosi," mgeni alisema, macho yakiwa bado kwenye futi.