Komba na Nyuki Kibuyuni

Komba, mlevi aliyejulikana hata kwa wasiowahi kumwona, aliugua ini akakaribia kaburi. Alipopata nafuu, Kobe mganga alimwonya, "Tone moja tu, mjukuu wangu, tutakuzika."

Siku moja Kunguru alimwona anaukwea mnazi wa mgema. Akawaita wanyama wote. "Njooni mwone! Mlevi haachi!"

Komba alikiinamia kibuyu kilichofurika povu la tembo, akatia mkono. Chini wanyama wakatazama. Akamtoa nyuki aliyekuwa anazama, akamweka juu ya kuti, akajipangusa kidole kimoja kimoja, akashuka.

"Hukulamba hata kidole?" Kunguru aliuliza.

"Nilimsikia akitapatapa," Komba akajibu. "Nami nilizama humohumo, nanyi mkatazama."

Kunguru aliinamisha kichwa.