Nafasi ya Kwanza

“Mshushe,” sauti ilisema kwenye simu. “Ukimpa nafasi ya kwanza, utakuwa umemchimbia kaburi.”

Mzee wa Orodha alibana simu begani akachukua kalamu. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi alasiri, saa ambayo mtu huyu asiyetaja jina alizoea kupiga.

“Mtaimbo ameshinda mara kumi na moja mfululizo,” alisema. “Nane kati ya hizo wapinzani walitolewa ulingoni kwa machela. Nimshushe kwa kosa gani?”

“Tazama tena raundi ya tano ya pambano la mwisho. Kila ngumi iliyompata ilitoka kushoto kwake. Hakukwepa hata moja. Jicho la upande huo limekufa, mzee.”

Mzee alikuwa mwamuzi wa ulingoni kwa miaka ishirini na sita. Magoti yalipogoma, chama cha ngumi kilimpa kazi ya kukaa: kila mwezi apange mabondia kumi bora wa uzito wa juu. Wa kwanza ndiye aliyepata haki ya kupambana na bingwa. Na bingwa huyo hakuwa wa mchezo; mtu wa mwisho aliyepanda naye ulingoni, hadi leo alikuwa akifungwa vifungo vya shati na mkewe.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Kiti cha wageni kilibeba magazeti, kwa kuwa wageni hawakuwapo. Mke wa mzee alifariki miaka minne iliyopita. Binti yake aliishi ng'ambo. Alipiga simu sikukuu kwa sikukuu, na kila alipopiga alikuwa mbioni.

Ndiyo maana Jumatatu zilikuwa na uzito wake. Mazungumzo yalianza na Mtaimbo, lakini hayakuishia kwake. Walijadili mapambano ya zamani, magoti ya mzee, mvua, namna ya kuchemsha yai lisipasuke. Saa nzima ilipita. Mzee hakuwahi kuuliza jina, akichelea kumfukuza ndege aliyejileta mwenyewe. Moyoni alikuwa na jibu lake: ni yule kocha aliyetimuliwa kambini mwaka jana. Nani mwingine angemjua Mtaimbo kiasi kile, na bado amtakie kushuka? Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini kinyongo cha kocha hakikuyafanya maneno yake kuwa uongo. Jioni hiyo mzee aliitazama raundi ya tano mara sita. Asubuhi akamwita Mtaimbo aje na meneja wake.

Walikuja Jumatano. Meneja alikuwa kaka mkubwa wa bondia, mtu mfupi mwenye suti iliyopigwa pasi hadi ikang'aa. Nyuma yake, Mtaimbo aliujaza mlango. Mzee aliondoa magazeti kitini. Kaka mtu akaketi, mdogo akabaki amesimama.

“Unajisikiaje, bwana mkubwa?” mzee alimwuliza bondia.

“Huwa haongei pambano likikaribia,” kaka alidakia. “Mimi ndiye mdomo wake. Mama yetu alipofariki, huyu alikuwa na miaka mitatu. Nimemlea mgongoni. Ubingwa huu tumeuota wote wawili. Nikisema twende, tunakwenda. Hajawahi kuniambia hapana hata siku moja.”

Akaweka cheti cha daktari mezani. Macho yote mawili mazima, cheti kilisema, na mhuri chini yake.

Mzee alikisoma, kisha akainuka kama mtu anayekwenda dirishani. Alipofika kushoto kwa Mtaimbo, alichomoa funguo mfukoni akamrushia usoni, polepole. Bondia aliyesifiwa kwa kudaka nzi hewani hakupepesa hata ukope. Funguo zilimgonga shavuni, zikaanguka sakafuni.



“Amechoka,” kaka alisema. “Jana hakulala vizuri.”

“Mwenye macho haambiwi tazama, bwana.”

Mzee aliketi. Alijua anachokikata. Mtaimbo akitoka kwenye orodha, yule wa simu atakuwa amepata alichokitaka, na Jumatatu itarudi kuwa siku tu, kama Jumanne. Kwa kitambo alishika kalamu bila kuandika. Angeweza kumpa nafasi ya tano, wakaendelea kubishana mwezi ujao, na mwingine, na mwingine.

Kisha akapiga mstari juu ya jina lote.

“Humu hayumo tena,” alisema. “Si wa kwanza wala si wa kumi, mpaka daktari wa chama amwone.”

“Hii ni husuda!” Kaka alisimama, kiti kikaanguka. “Umelishwa maneno na maadui zetu, mzee! Nani kakwambia habari za jicho?”

“Nimeambiwa na funguo zangu. Mdogo wako asipoiona ngumi ya bingwa, mimi nitakuwa nimemshika mikono ili apigwe.”

Kaka alinyakua cheti chake. “Twende!” alifoka, akashuka ngazi kwa vishindo.

Mtaimbo hakumfuata mara moja. Alipapasa fremu ya mlango, akakigeuza kichwa chote ili jicho zima limpate mzee.

“Jumatatu nitakupigia kama kawaida, mzee,” alisema. “Itabidi sasa tutafute mambo mengine ya kuzungumza.”