Kijiko cha Vumbi

Siku hizi vitambulisho havina kazi. Mkazi ni yule ambaye maabara inamwona kwenye vumbi la nyumba yake, kwa chembe za ngozi na nywele zake. Kila mwezi tunafagia vyumba vyote, tunachanganya vumbi, tunaligawa mafungu manne, tunatupa mawili, tunachanganya tena, hadi kibaki kijiko kimoja cha kupeleka.

Safari hii mama alikung'uta shati la marehemu baba juu ya rundo.

"Basi changanya, mama," nikamwambia.

"Koma, Nasra! Baba yako nimchanganye na taka?"

Akachota kijiko cha kupeleka palepale juu, lilipoangukia vumbi la shati.

Leo majibu yamekuja: wakazi wawili, mama na baba. Mama amelia kwa furaha, kisha akapakua wali sahani mbili. Mimi bado nimeshika ufagio, nasubiri aniite.