Dumu Lililofungwa Nanga

Nanga ilikuwa imenasa mwambani, na mawimbi yalianza kumwaga maji ndani ya mashua. Shekue alivuta kamba mpaka mikono ikafa ganzi.

"Ndiyo pekee tuliyobaki nayo," alisema.

"Ile nyingine ilipotea kwa fundo lako," alijibu mkewe, Mwanahawa. "Hii tuiache, tutairudia bahari ikitulia."

Akamwaga maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye dumu, akalifunga likiwa tupu kwenye ncha ya kamba liwe boya.

"Sasa tutakunywa nini?"

"Kunywa nanga, mume wangu."

Shekue akaiachia kamba. Wakapiga makasia, wamechoka.

"Umefunga fundo gani?" aliuliza hatimaye.

"La baba yangu. Lako nimeliogopa."

Nyuma yao dumu lilizama, likaibuka, likazama tena. Wote wawili wakaacha makasia, wakalisubiri.