Bangili ya Sekela

Tangu umahiri unaotakiwa na mtaala wa shule uanze kupimwa hadi majumbani, kila mwanafunzi alivaa bangili iliyompa alama. Siku ya tatu baada ya kumzika mama yake, Atupele alikuwa jikoni akimenya ndizi huku machozi yakimdondoka. Sekela, bintiye wa darasa la tano, akamkumbatia, akamfuta machozi kwa pindo la kanga.

"Pole, mama. Tupo pamoja."

Atupele akahisi moyo umetulia. Bangili ikalia, ikawaka kijani. Sekela akamwachia hapo hapo.

"Mama, kufariji nimefaulu!"

"Hongera, mwanangu."

Machozi yalipomrudia Atupele jioni, Sekela alimtazama tu kwa upole, kalamu mkononi.

"Hilo tumeshalimaliza, mama. Sasa tuko kwenye kusamehe. Naomba unikosee kidogo."