Mlango wa Bi Somoe

Mjini hapo kila mlango ulifunguka kwa mate ya mwenye nyumba. Bi Somoe alilamba kidole, akakibandika kwenye kitasa.

"Sikutambui, mama," mlango ukasema.

Miezi kadhaa nyuma, tezi ya mate chini ya taya lake ilikuwa imevimba, ngumu kama kokwa. Daktari alichukua kinyama kidogo, akakipima, akamtoa wasiwasi: si saratani, ni ugonjwa adimu, mwili kuishambulia tezi yake wenyewe. Kwa dawa uvimbe ukanywea, ila mate nayo yakabadilika.

"Ni mimi jamani!"

"Basi mwite anayekufahamu, aje akushuhudie."

Bi Somoe alifikiri mpaka mchicha ukanyauka kapuni. Mwishowe akamtaja daktari. Mwaka mzima, ndiye peke yake aliyemgusa.