Ntheo ya Watu wa Kilifi

"Rudisheni hao mbuzi kwa Probox," Mzee Kisilu alisema. "Leo hapa hakuna ntheo."

Mbuzi wa tatu ndiyo kwanza alikuwa ameshushwa. Jeremiah, kijana wa Kilifi aliyekuja kuoa, alibaki ameshika kamba, hajui amfunge wapi. Mlangoni mwa jikoni, Mukai, binti ya Kisilu, aliweka chini sinia ya vikombe.

Walijuana Athi River, kwenye kiwanda cha nguo. Mukai angekuwa ameshahamia kwa Jeremiah zamani. Aliyemkataza ni mama yake, Kamanthe. "Usikanyage huko kabla mbuzi wa ntheo hawajaliwa," alimwambia. "Hata ikichukua miaka, ngoja."

Amengoja. Mbuzi wa kufunga ndoa wamefika kwao Mwala, na neno moja limeharibu.

Neno lilitoka kwa Mzee Nyanje, baba mdogo wa Jeremiah. Alipopewa chai alishukuru, akasema safari ni ndefu kutoka kwao mpaka huku Kenya.

"Huku Kenya?" Kisilu aliuliza. "Na wewe umetoka wapi, Ulaya?"

"Nimetoka Pwani, mzee."

"Kwani Pwani si Kenya?"

Nyanje angecheka tu, yangeisha. Alipuliza chai yake. "Sisi twaona ni haki yetu kujiondokea tukitaka. Twangoja siku."

Kisilu alikuwa askari jela mpaka akastaafu. Watu wanaotaka kutoka aliwajua, na hakuwapenda.

"Mnasikia?" aliwageukia wazee wenzake. "Ati wanangoja siku! Mimi nipeane msichana, kesho niende kumwona na pasipoti? Hawa si wakwe. Ni mahabusu wanatafuta ukuta wa kuruka."

Wazee walicheka. Jeremiah alitazama chini.

"Hata mahabusu huwa na siku ya kutoka," Nyanje alisema. "Sisi twaambiwa hatuna."

Kicheko kilikatika. Kisilu akasimama na fimbo yake. "Basi useme mbele ya watu kwamba Pwani haitoki. Usiposema, mbuzi wanarudi na Mukai anabaki."

"Baba, tafadhali," Mukai alisema.

"Sema tu, mzee," Jeremiah alimnong'oneza Nyanje.

"Sisemi."

Peris, jirani yao, alitokea na sufuria ya muthokoi. "Wazee, si tukule kwanza? Hasira haishibishi." Hakuna aliyegeuka. Ndambuki, kaka yake Kamanthe, alikuwa ameegemea pikapu yake kando ya ua, maana hakuna aliyemvutia kiti. Kamanthe mwenyewe alisimama nyuma ya kiti kilichotandikwa leso, kiti cha mama wa bibi harusi. Tangu asubuhi hakukikalia.

"Nikuulize," Nyanje alisema. "Nani alituoza kwenu? Walioandikiana ni wakubwa wa huku na watu wa sultani. Babu yangu alikuwa juu ya mnazi. Hakuna aliyemwita ashuke aulizwe."

"Lakini mmekaa! Miaka sitini mmekula, mmesoma, mmewekewa lami. Mtu akikaa hivyo ameoleka."

"Ah. Kumbe kwenu mwanamke akikaa sana kwa mtu, basi ameoleka? Hata bila mbuzi?"

Wazee walimtazama Kisilu. Mmoja alikohoa. Siku ya ntheo, nyumbani kwake, mgeni ameidharau mila, na aliyemfungulia mlango ni Kisilu mwenyewe kwa maneno yake.

"Usitutukane!" Kisilu aligonga fimbo chini. "Sisi Wakamba tuko na sheria. Bila ntheo hakuna bibi. Akae huko mpaka meno yaanguke, yeye ni mgeni tu. Siku akitaka kwenda anaenda mchana, na hakuna wa kumuuliza."

"Basi umenisaidia. Sisi ntheo yetu hatukuiona."

"Yenu ililiwa! Wakubwa wenu waliwalia. Na iliyoliwa hairudi, ndiyo sababu hamtoki. Ndiyo sababu hata hawa mbuzi wako siwali. Nikiwala, nimejifunga na watu wa kukimbia." Aliwageukia wazee. "Nimesema uongo?"

"Ni ukweli," wazee walijibu. "Bila ntheo hakuna kitu."

Nyanje aliweka kikombe chini. Mukai alijifunika uso na kanga.

Hapo Ndambuki akasema kwa mara ya kwanza tangu afike. "Na watoto, Mzee Kisilu? Kama mama yao hakuletewa ntheo, watoto ni wa nani? Wageni wetu hawajui."

"Ni wa kwa kina mama yao!" Kisilu alikuwa ameshinda, na sauti yake ilifika barabarani. "Huyo mwanamume hawezi kuwaoza, hawezi kula mbuzi wa msichana, hawezi hata kukataa wakwe. Nguvu hiyo ameitoa wapi?"

"Wazee mmesikia?"

"Tumesikia."

Ndambuki alitembea polepole mpaka kwa Jeremiah, akachukua kamba mkononi mwake. "Asanteni, wakwe. Tumewapokea." Akampandisha mbuzi wa kwanza kwenye pikapu, kisha wa pili. Kamanthe alivua aproni, akaikunja juu ya kile kiti, akamshika Mukai mkono.

"Wewe Ndambuki!" Kisilu alipiga kelele. "Mbuzi wa msichana wangu unawapeleka wapi? Kamanthe! Unaenda wapi?"

Kamanthe alikuwa ameshaingia mbele, na mlango ameufunga.

"Kwa baba yetu, huko Masii," Ndambuki alisema, akimpandisha wa tatu. "Ntheo ya Kamanthe ameingoja kwako mpaka akazeeka. Leo atakula ya Mukai."